Fundi Bomba na Mkata Mawe

"Nani kakata tundu hili?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyesikia. Karakana ya mawe ilikuwa imepamba moto. Misumeno inalia, lori linashusha vibao vya mawe meusi, wapagazi wanapigiana kelele, "Shika! Shusha! Angalia mguu wako!", na wateja wamebanana kando ya ukuta wakijipepea kwa chochote kilichokuwa mkononi. Katikati ya hekaheka hiyo alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya buluu iliyomkaa utadhani alishonewa, kilemba chekundu kichwani, spana kubwa ikining'inia kiunoni. Mkononi alishika kipande cha boksi alichokikata kwa umbo la tundu la sinki lililokatwa kwenye jiwe la jiko.

Mtaani walimwita Fundi Bomba, na jina hilo lilimfaa kwa maana zote mbili. Alikuwa fundi wa mabomba, halafu mwenyewe alikuwa bomba, mrembo kweli kweli. Wale waliomcheka zamani kwamba mwanamke hawezi kulala chini ya sinki akafungua nati zilizoota kutu, walishanyamaza. Maji yalipofurika sebuleni kwao, ndiye waliyempigia simu.

Akajaza kifua, akarudia kwa sauti ya kupasua mawe bila msumeno: "Nimeuliza, ni nani kakata tundu hili?"

Msumeno mmoja ukazimika. Ndani ya wingu la vumbi likatokea jitu jeupe pe: nywele nyeupe, kope nyeupe, kitambaa cheupe kimefungwa puani. Ungedhani ni kikongwe, ila mabega yalikuwa ya kijana.

"Ni mimi. Kwani tundu limekukosea nini?"

"Tundu halina kosa, mzee. Aliyelikata ndiye mwenye kosa. Sinki langu haliingii."

"Labda limenenepa njiani."

Wapagazi wakaangua kicheko. Fundi Bomba akajiuma mdomo ili asicheke nao. "Badala ya kupunguza utani, punguza jiwe. Jiko la watu limesimama."

"Sawa, ila hilo la 'mzee' silikubali." Akashusha kitambaa, akajipangusa uso kwa kiganja, na chini ya ule weupe pakatokea shavu la kahawia, kishimo cha kidevu, na tabasamu lisiloomba ruhusa. "Hapa wananiita Chokaa. Nikioga napungua miaka arobaini."

Basi wakaongozana hadi kwenye nyumba yenye lile jiko. Chokaa akachomeka msumeno wa mkono pale uani, na jiwe lilipoguswa tu, vumbi likapanda kama moshi wa nyumba inayoungua. Fundi Bomba akazima swichi ya ukutani, msumeno ukafa.

"Unataka kutuua?"

"Vumbi tu hili. Tumeshazoeana."

Fundi Bomba alikuwa ameinama anautazama ule msumeno. Ubavuni mwake palikuwa na kijibomba kidogo cha kuingizia maji, kimeziba kabisa kwa kutotumiwa. Akachomoa waya mfukoni, akakizibua, akaunganisha mpira wa maji, akafungulia. Chokaa alipokata tena, maji yalitiririka kwenye meno ya msumeno, na vumbi likageuka uji wa kijivu ukateremka chini taratibu. Hewa ikabaki safi.

Chokaa akautazama ule uji. "Mwalimu wangu wa kazi alikuwa akiyataka maji kila siku," akasema.

"Sasa mbona karakanani hamyatumii?"

"Tajiri anasema maji huleta matope, na matope huchelewesha kazi. Halafu bomba lenyewe liko getini. Huko nyuma hatuna hata tone." Akainua macho. "Nipe namba yako. Tundu likikuletea shida tena..."

"Tundu sasa limekaa sawa."

"Basi nipe kwa ajili ya shida nyingine."

Akampa.

Simu ya kwanza iliingia kesho yake mchana.

"Haloo, ninazungumza na Fundi Bomba?"

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Kuna mahali panavuja huku."

"Wapi?"

"Moyoni."

"Funga valvu, nitakuja nikipata nafasi," akajibu, akakata simu, kisha akacheka peke yake hadi mwenye nyumba akaja kuchungulia.

Penzi likakolea kama chai iliyosahauliwa jikoni. Jioni walitembea barabara ya maduka wakitazama vitu wasivyonunua. Chokaa hakuwahi kuja na chembe ya vumbi. Alikuja na shati lililonyooshwa hadi kwenye vifungo, viatu vinang'aa, ananukia sabuni. Fundi Bomba naye alivua ovaroli, akavaa lile gauni la rangi ya zambarau lililomfanya muuza magazeti asahau kurudisha chenji.

"Leo umependeza hadi natamani niharibu bomba la kwetu," Chokaa akamwambia.

"Kwa mpenzi wangu natengeneza kwa bei mara mbili."

Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyomkwaruza. La kwanza ni mfuko. Chokaa alibeba mfuko mweusi, na siku Fundi Bomba aliponyoosha mkono amsaidie kuushika, Chokaa aliruka kama aliyeguswa na moto. "Mpenzi, huo usiuguse kabisa." Hakueleza zaidi.

La pili ni kikohozi. Kilikuwa kidogo, kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa jirani. Siku Fundi Bomba alipompeleka kumsalimu mama yake, walipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, na katikati ya njia Chokaa akainama ghafla.

"Tangulia, nafunga kamba za viatu."

Fundi Bomba akatangulia hatua chache, akageuka. Viatu vya Chokaa havikuwa na kamba. Alikuwa ameinama anatafuta pumzi.

"Umeshakwenda hospitali?" akamwuliza wakati wa kurudi.

"Kwa kikohozi hiki? Hiki ni cha kazi tu, mama."

"Basi kazi ikakohoe yenyewe. Wewe nenda ukapimwe."

"Nitakwenda." Alisema hivyo kila mara, na kila mara alibadilisha mazungumzo kwa utani mwingine.

Siku moja msusi, rafiki yake Fundi Bomba, akampigia.

"Shoga, umekaa?"

"Nimelala chini ya sinki la watu."

"Basi usiinuke. Chokaa wako nimemwona kwenye nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya karakana. Aliingia mchafu, akatoka anameremeta. Na kuna mwanamke alimsindikiza, anamweka sawa kola ya shati kama mume wake!"

"Umemfananisha."

"Nimfananishe na nani? Yule ukimwona mara moja humsahau. Nenda kesho ukajionee."

Akaenda. Alijibanza kwenye kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara, na kweli, kazi zilipofungwa, Chokaa mweupe akaingia geti la kijani. Baada ya muda akatoka akiwa amevaa shati alilonunuliwa na Fundi Bomba mwenyewe, nywele bado zinachuruzika maji. Mwanamke mrefu wa gauni la maua akasimama mlangoni.

"Kesho usichelewe," akamwambia, "maji yatapoa."

Maneno hayo yakamwingia Fundi Bomba kama msumari. Hakuvuka barabara. Alirudi nyumbani, akampigia.

"Leo umeoga wapi?"

"Mimi?"

"Nimekuuliza, umeoga wapi?"

"Bomba wangu, nitakueleza. Lakini si kwa simu."

"Yule mwanamke ni nani?"

"Ni mtu ninayemheshimu sana."

"Basi endelea kumheshimu. Na hayo maji msiyaache yapoe."

Alisikia kikohozi upande wa pili, kirefu kuliko siku zote. Alingoja kiishe ili amalize kumtukana, halafu akaona machozi yanamtangulia, akakata. Alijua Chokaa atampigia. Chokaa hakupiga, si siku ile wala wiki zilizofuata. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwanaume aliyekuwa na jibu kwa kila neno, leo kakosa hata la kuomba msamaha?

Akajitupa kwenye kazi. Akagombana na wauza mabomba, akakaza nati hadi zikapasuka. Mama yake alimtazama akamwambia, "Mwanangu, ukikasirikia mtu mwambie mtu. Mabomba hayana ndimi."

Asubuhi moja ikaja simu ya mwanamke mwenye sauti nzito, tulivu. Bomba lake la uani linavuja, je, fundi anaweza kufika? Akaelekezwa mtaa, akaelekezwa kona, na alipoinua macho alikuwa mbele ya geti la kijani.

Alitaka kugeuka. Lakini geti lilishafunguliwa.

"Ingia, mwanangu. Bomba ni zima. Mimi ndiye niliyekutaka."

Kwa karibu, yule mwanamke hakuwa yule aliyeonekana kutoka ng'ambo. Mvi zilichungulia chini ya kitambaa, na umri wake ulikaribia wa mama yake mzazi. Uani kulikuwa na bafu la mabati, pipa la maji yakifuka mvuke, na karibu yake ndoo kubwa iliyofunikwa. Yule mama akaifunua. Ndani zililoweka suruali na shati la kazi, na maji yamekuwa mazito, meupe.

"Unaona? Hiyo ni kazi ya siku moja," akasema. "Kaa."

Fundi Bomba akakaa.

"Mume wangu ndiye aliyemfundisha yule kijana kukata mawe. Alikuwa mtu wa kubeba kibao cha jiwe peke yake, watu wakamshangilia. Mwisho wake kikombe cha maji kilimshinda. Alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inagoma. Tulidhani kifua kikuu. Akameza dawa hadi zikaisha, na kifua kikabaki kile kile. Ndipo daktari mwingine akatuambia, mama, hili ni vumbi la mawe, limemjaza makovu mapafuni. Na mimi jioni nilikuwa nazikung'uta nguo zake hapa hapa, puu, puu, vumbi linanirudia usoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakifua kwa mikono yangu."

Akakohoa kidogo, akafunika mdomo, akaendelea.

"Tulipomzika, nikamwambia kijana: kama kuacha kazi huwezi, basi vumbi hili usilipeleke kwa mke wala kwa mtoto. Utavua hapa, utaoga hapa, nguo nitaziloweka bila kuzikung'uta. Tangu hapo hajakosa siku, na viatu vya kazi huvifunga kwenye mfuko mweusi ambao hataki mtu auguse."

"Kwa nini asiniambie, mama?"

"Akikwambia anaoga, itabidi akwambie anaosha nini. Na kuna jambo jingine. Wiki ile mliyokorofishana alikwenda kupigwa picha ya kifua. Majibu anayo. Ulipomfungia mlango, akaona amepata pa kujificha. Anasema afadhali umchukie kuliko umhurumie."

Fundi Bomba akaifunika ile ndoo. Aibu ilimpanda kwanza, kisha hasira ikaja nyuma yake na kuipita.

"Mama, nisamehe. Nilikuwazia vibaya."

Mjane akacheka hadi mabega yakatikisika. "Umenipa sifa ya bure. Katika umri huu kudhaniwa mwizi wa vijana si tusi, mwanangu. Haya, nenda. Na ukifika usimlilie. Mgombeze."

Alimkuta kwenye kiti cha mlinzi, getini mwa karakana, mikono magotini. Kwa mara ya kwanza mahali pale hakuwa mweupe.

"Chokaa, mbona leo huna chokaa?"

Alishtuka, akasimama. "Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata majibu ya picha. Anza kusema."

Alitazama pembeni, akaona hakuna pa kukimbilia. "Makovu yameshaanza. Bado madogo. Daktari anasema hayafutiki, hakuna dawa ya kuyafuta. Nikitoka kwenye vumbi sasa, naweza kuishi nayo na nikazeeka, ila hawezi kuniahidi. Nikiendelea hivi, njia ni ile ya mwalimu wangu. Nikamwambia tajiri sikati tena jiwe kavu. Akaniweka getini nifikirie. Wenzangu wananitazama, wanangoja kuona nitafukuzwa au nitarudi."

"Na mimi? Mimi ulinipangia nini?"

"Wewe ni bomba, una maisha marefu mbele yako. Nitakuoaje wakati kifua changu..."

"Nyamaza!" Wapagazi wakageuka. "Nani alikupa kazi ya kuniamulia? Ningetaka mwanaume wa kunionea huruma, ningebaki nyumbani. Unanipenda hunipendi?"

"Nakupenda hadi..."

"Hilo la 'hadi' tutalimalizia baadaye. Tajiri yuko wapi?"

Tajiri alikuwa ofisini kwake, mtu mnene mpole wa sauti, anayeogopa kuchelewesha mizigo kuliko anavyoogopa kifo. Alimsikiliza Fundi Bomba akiwa amesimama mlangoni, na Chokaa nyuma yake.

"Binti, nakuelewa," akasema. "Lakini nina mabafu ya hoteli nzima ya kumaliza. Nikiingiza maji humu, ni matope kila mahali."

"Matope utayazoa kwa beleshi, tajiri. Vumbi likishaingia kifuani mwa mtu, utalizoa kwa nini?"

"Mbona wengine hawalalamiki?"

Chokaa akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Waulize sasa hivi, tajiri. Waulize ni nani kati yao anayepanda ngazi bila kupumzika."

Walikuwa wameshakusanyika. Fundi wa kusugua mawe, mwanaume wa makamo ambaye hakuwahi kusema mengi, akavua kitambaa puani, akakiweka juu ya meza ya ofisi. Kilikuwa kigumu kama kadibodi. "Mimi siwezi," akasema. "Na mwanangu nilikuwa nataka kumleta hapa kazini." Nyuma yake misumeno ikazimwa mmoja baada ya mwingine.

Tajiri akakitazama kile kitambaa. Kisha akatazama kikombe chake cha chai alichokunywa nusu. Juu ya chai palitanda utando mweupe mwembamba. Akakisukuma mbali, taratibu.

"Bomba litafika huko nyuma?" akauliza.

"Ikifika Jumapili jioni, maji yatakuwa kwenye kila mashine," Fundi Bomba akajibu. "Utachimba mfereji wa kupitisha matope. Utanunua barakoa nzito zenye vichujio, uache hivi vitambaa. Wote wapelekwe kupimwa vifua, na atakayekutwa na tatizo asifukuzwe. Na huyu hatashika msumeno tena. Mpe kazi ya vipimo na michoro kule mbele. Macho yake ni mazima. Ila tundu la sinki nitampimia mimi."

Wanaume wakacheka, na tajiri naye, kwa shingo upande, akacheka. "Na nikikataa?"

Hakuna aliyerudi kwenye mashine.

"Haya," akasema. "Jumapili."

Jumapili ile Fundi Bomba alilala chini, akapanda juu, akakata, akaunganisha, kilemba kimelegea, uso una grisi. Chokaa alitaka kumsaidia kuchimba mfereji, akamfukuza kwa spana. "Kaa huko upande wa upepo na penseli yako." Mjane alikuja na birika la chai, akakaa juu ya ndoo, akawasimamia wote kama mkaguzi. Maji yalipofunguliwa na jiwe la kwanza likakatwa, alilitazama wingu ambalo halikupanda, akajifuta macho kwa upindo wa gauni.

Mafundi hawakungoja Jumatatu. Kila mmoja alitaka kujaribu mashine yake, na karakana ikanguruma tena, maji yakitiririka mferejini. Chokaa akamsogelea Fundi Bomba, akainama sikioni kwake, akasema jambo.

"Nini?"

Akarudia.

"Sisikii! Hizi mashine!"

"Nimesema, utakubali nikuoe? Hivi hivi nilivyo, na kifua changu hiki?"

Alisikia vizuri, tangu mara ya kwanza. Lakini akatia mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa. Chokaa, amechanganyikiwa, akawapungia wenzake mkono. Msumeno mmoja ukazimwa. Ukafuata wa pili. Fundi wa kusugua akazima ya kwake na kuvua barakoa ili asikie vizuri. Karakana nzima ikawa kimya, maji peke yake yakidondoka, na watu wote wakamkodolea macho Chokaa aliyesimama na penseli sikioni.

"Sema sasa," Fundi Bomba akamwambia. "Nataka mashahidi."

Akasema. Aliyasema yote hadi mwisho, bila utani hata mmoja.

"Nakubali," akajibu. "Kila mwaka tutakwenda kupima kifua, mimi nikiwa nimekushika mkono. Siku majibu yakiwa mazuri tutakula nje, yakiwa mabaya tutakula nje pia. Lakini usinifiche tena."

"Sikufichi tena."

"Basi jioni uje kwa mama yangu umwambie mwenyewe. Zile ngazi tutazipanda polepole, na ukichoka tutakaa."

Mjane akapiga kigelegele kilichomalizikia kwenye kikohozi, akakikohoa akicheka, na mafundi wakaanza kumpongeza Chokaa kwa mikono iliyolowa, hadi shati lake safi likajaa alama za vidole za matope kuanzia begani hadi kiunoni.